UZI: Rangi za kuonyesha dawa za maumivu kwenye TLC – ipi inaona nini, na kwa nini pleti yako imegoma

Silika60

Wakuu, salaam. Kila wanafunzi wanapoingia maabara kwa mafunzo ya vitendo ya TLC (kromatografia ya tabaka jembamba: kiyeyushi kinapanda kwenye pleti ya silika na kuzitenganisha dawa kuwa madoa), swali linalorudi ni lile lile: "Nipulizie rangi gani ili dawa ya maumivu ionekane?" Swali lenyewe limekaa upande. "Dawa ya maumivu" ni jina la kazi ambayo dawa inaifanya mwilini, na rangi haina habari na kazi hiyo. Rangi inakutana na kundi la kikemia lililopo kwenye molekuli. Kwa hiyo kabla ya kushika kipulizio, panga dawa zako upya.

Kundi la kwanza ni asidi za kaboksili: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, asidi mefenamiki. Hizi zinashikwa na rangi zinazobadilika kwa asidi na besi.

La pili ni fenoli. Hapa mwenye nyumba ni parasetamoli. Asidi salisiliki, ile inayozaliwa aspirini ikioza, ina fenoli na kaboksili kwa pamoja, kwa hiyo inajibu pande zote mbili.

La tatu ni besi zenye nitrojeni: kodeini na tramadoli. Hizi ni za Dragendorff na iodoplatineti, rangi za kupulizia zinazoshika besi za aina hiyo.

Kafeini iko peke yake. Si dawa ya maumivu, lakini imejaa kwenye vidonge vya mchanganyiko na ina tabia zake.

Kabla ya rangi yoyote, soma pleti chini ya taa ya UV ya nanomita 254. Pleti iwe ya silika 60 F254, yaani silika iliyotiwa unga unaowaka kijani chini ya taa hiyo. Dawa inayonyonya mwanga inaacha doa jeusi. Parasetamoli, aspirini, kafeini na diklofenaki zinaonekana bila shida. Naproksini inawaka bluu yenyewe. Salisiliki nayo inatoa mwanga wa bluu unaoelekea zambarau, na hilo ni msaada mkubwa kwa anayekagua aspirini ya zamani. Zungushia penseli kila doa, halafu ndipo tuzungumze rangi.

Tahadhari moja ya hapa mjini: kile kitaa cha kukagulia noti kinachouzwa madukani ni cha nanomita 365 au karibu na hapo. Hakiwashi F254. Ukikitumia utaona pleti nyeupe tupu na utadhani sampuli haina kitu. Na taa ya kuua vijidudu isiyo na kichujio, ingawa inatoa 254, ni ya kukuunguza macho. Usiitumie bila boksi.

Kapilari_mbili

Mkuu Silika60, asante kwa uzi. Hapo kwenye ibuprofeni: kidonge cha mg 400, kimesagwa, kimeyeyushwa kwenye etanoli, doa chini ya 254 halionekani au linaonekana kivuli tu. Pleti ni mpya. Kosa liko wapi?

Silika60

Hakuna kosa. Ibuprofeni ina pete moja ya benzini isiyo na kitu cha kuongeza unyonyaji wa mwanga, kwa hiyo pale 254 inanyonya kidogo mno. Ukiweka mikrogramu 5 ya parasetamoli na mikrogramu 5 ya ibuprofeni pembeni yake, ya kwanza itakuwa nyeusi tii na ya pili hutaiona. Ndiyo maana rangi za asidi zina thamani: zinakupa dawa ambayo taa inaipita.

Utaratibu wote kwa hizi asidi ni huu.

Sampuli. Kama kidonge kina ganda la sukari au rangi, lifute kwanza kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Saga kidonge kizima kwenye kinu. Ibuprofeni mg 400 tia kwenye etanoli 40 ml, aspirini mg 300 kwenye 30 ml, diklofenaki mg 50 kwenye 5 ml. Zote zinakuja mg 10 kwa ml. Tikisa dakika 5, acha unga utulie, chuja. Unga utakaobaki chini ni wanga, talki na wenzake, usihangaike nao. Etanoli iwe safi ya maabara. Spiriti ya dukani yenye rangi inaleta rangi yake na vichafuzi vyake juu ya pleti.

Kudondosha. Mstari wa kuanzia uwe sentimita 1.5 kutoka chini, kwa penseli, si kwa kalamu. Kapilari (mrija mwembamba wa kioo) ya mikrolita 1 au 2, doa lisizidi milimita 3. Aspirini na diklofenaki mikrolita 1 hadi 2 zinatosha. Ibuprofeni weka mikrolita 3 hadi 5, yaani mikrogramu 30 hadi 50, kwa awamu, ukikausha kila tone kabla ya kuongeza lingine. Kapilari za kuvuta mwenyewe kwenye moto ni za kufundishia mkono tu. Ujazo wake haujulikani.

Kupandisha. Ethili asetati 19.9 ml na asidi asetiki kali 0.1 ml, ndani ya tangi lenye karatasi ya kuchujia ukutani, lifunikwe dakika 20 hadi 30 kabla ya kuingiza pleti. Kina cha kiyeyushi kisizidi nusu sentimita. Ukikizamisha mstari wa kuanzia, sampuli inaoga kwenye tangi badala ya kupanda. Mpangilio kutoka chini: kafeini, parasetamoli, aspirini, ibuprofeni juu kabisa. Ikiwa una asidi tupu na zote zinabanana juu, punguza nguvu: heksani 14 ml, ethili asetati 6 ml, asidi asetiki 0.2 ml. Humo parasetamoli na kafeini zitabaki karibu na zilipoanzia, ni sawa.

Ile asidi kidogo ina kazi yake. Bila hiyo, kaboksili inakuwa nusu imejitenga nusu haijajitenga juu ya silika, na doa linavuta mkia mrefu. Diklofenaki sodiamu ndiyo inayoonyesha ugonjwa huo waziwazi kuliko zote.

Rangi. Bromokresoli ya kijani, mg 40 ndani ya etanoli 100 ml. Itakuwa ya njano au rangi ya chungwa. Dondosha sodiamu hidroksidi ya 0.1 M tone kwa tone, ukitikisa, mpaka bluu itokee tu. Kwa kiasi hicho cha rangi, hesabu inakupa kati ya 0.5 na 1 ml. Hapo simama. Puliza pleti iliyokauka kutoka sentimita 20 hivi, kwa kupitisha kwepesi mara mbili tatu. Asidi zitatokea njano juu ya uwanja wa bluu au kijani. Parasetamoli na kafeini hazitatokea, na hilo nalo ni jibu.

FundiHudi

Naongezea hapo kwenye kukausha, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Asidi asetiki inachemka nyuzi 118. Ethili asetati ikishakauka, harufu ikapungua, mtu anadhani pleti imekauka, kumbe asetiki bado imelala ndani ya silika. Anapuliza rangi, pleti nzima inakuwa njano kama mchuzi wa binzari. Rangi inasoma asidi ya kiyeyushi.

Fanya hivi: draya yenye hewa ya joto dakika 10 ndani ya hudi (kabati la kuvuta mvuke), kisha oveni nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 15 hadi 20. Usikimbilie nyuzi 110 kwa nusu saa. Ibuprofeni inayeyuka kwenye nyuzi 75 hadi 78 na ukiipika sana kwenye tabaka jembamba itapungua, hasa pale ulipoweka kidogo.

Kupima kama iko tayari: juu ya pleti kuna ukanda ambao kiyeyushi hakikufika. Gusa kona ya ukanda huo kwa tone dogo la rangi, gusa na kona ya sehemu iliyopitiwa na kiyeyushi, mbali na njia za sampuli. Matone mawili yakiwa na rangi moja, asidi imetoka. La chini likiwa njano, rudisha kwenye oveni.

Na unyevu. Silika inakunywa maji ya hewani, na hewa ya Dar haina ubahili wa maji, masika ndiyo usiseme. Silika yenye maji inashika dawa kwa nguvu ndogo, Rf (umbali uliopandwa na doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyushi) zinapanda, na madoa ya asubuhi hayalingani na ya mchana. Pasha pleti nyuzi 105 hadi 110 kwa dakika 30 kabla ya kutumia, poza ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa kuzuia unyevu) yenye silika ya bluu ambayo bado ni bluu (ikigeuka waridi, nayo imeshiba). Ukidondosha sampuli nusu saa nzima mezani, umeshairudisha pleti kwenye unyevu, kwa hiyo dondosha haraka. Tena usilinganishe Rf yako na ya kitabu cha nchi ya baridi. Weka kiwango linganishi (dawa safi inayojulikana) kwenye pleti ile ile, ndiyo dawa pekee.

Umeme ukikatika oveni ikiwa katikati, usifungue mlango. Joto litakaa muda wa kutosha kumaliza kazi.

MdauUpanga

Uzi mzuri. Niweke sababu ya kuchagua bromokresoli ya kijani na si nyingine, kwa kuwa watu wanachukua chupa yoyote ya rangi ya asidi na besi iliyopo rafuni.

Bromofenoli ya bluu inageuka kati ya pH 3.0 na 4.6. Salisiliki (pKa, yaani kipimo cha nguvu ya asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, karibu 3.0) na aspirini (3.5) zitaigeuza vizuri. Ibuprofeni, yenye pKa inayokaribia 4.9, inasuasua. Bromothimoli ya bluu inageuka 6.0 hadi 7.6, na silika yenyewe ina uasidi kidogo, kwa hiyo uwanja unaanza kuwa wa njano kabla hata ya sampuli. Ukijaribu kuusukuma kwa besi zaidi, unakula na madoa. Bromokresoli ya kijani inageuka 3.8 hadi 5.4, katikati hasa ya dawa hizi. Bromokresoli ya zambarau, 5.2 hadi 6.8, inatumika ukikosa ile, lakini utaratibu wa kukausha uwe mkali zaidi.

Na kuhusu besi iliyozidi kwenye rangi, aliposema Silika60 "simama", alimaanisha. Mikrogramu 10 za ibuprofeni ni sawa na mikromoli 0.05 tu. Besi ya ziada kidogo sana juu ya pleti inaizima asidi yote na doa halitokei, huku uwanja ukiwa bluu ya kupendeza inayokudanganya kuwa kazi imeenda sawa. Ikiwa rangi yako ni bluu nzito ya baharini tangu chupani, ongeza tone la asidi dhaifu au tengeneza upya.

Madoa yakiwa hafifu, pitisha pleti juu ya mdomo wa chupa ya amonia kwa sekunde moja au mbili. Yote yanakuwa bluu, halafu amonia ikitoka madoa ya asidi yanarudi njano kabla ya uwanja kulegea. Kuna dakika chache za tofauti nzuri, piga picha hapo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, chupa ya amonia iliyoachwa wazi kwenye meza ya jirani ni adui. Mtu anaweza kutafuta kosa siku nzima kumbe kosa liko chini ya pua yake.

BiPipeti

Naomba kuongeza mambo matatu yanayotoa njano ya uongo.

Asidi steariki. Inatumika kama kilainishi kwenye baadhi ya vidonge, na ni kaboksili kama nyingine. Inapanda juu, jirani kabisa na ibuprofeni. Haionekani 254, na ibuprofeni nayo karibu haionekani, kwa hiyo taa haikusaidii kuzitofautisha. Weka njia ya steariki tupu pembeni, na ile ya kiwango cha ibuprofeni, ulinganishe.

Asidi sitriki, kwenye vidonge vya kutoa povu. Hiyo haipandi, inakaa kwenye mstari wa kuanzia na kutoa njano kubwa. Mwanafunzi anaandika "dawa haikupanda". Dawa imepanda, angalia juu.

La tatu ni aspirini iliyooza. Kidonge kinachonuka siki tayari kina salisiliki na asidi asetiki. Doa la salisiliki liko karibu mno na la aspirini na zote ni njano. Hapo bromokresoli haiwezi kukata shauri, inabidi feri kloridi.

Kapilari_mbili

Bi Pipeti, tupe hiyo ya feri kloridi kwa vipimo tafadhali.

BiPipeti

Feri kloridi gramu 1 kwenye maji 100 ml, na matone machache ya asidi hidrokloriki ili isitoe tope la kahawia. Puliza. Salisiliki inatoka zambarau papo hapo. Aspirini haitoki, kwa kuwa fenoli yake imefungwa na kundi la asetili. Parasetamoli inatoa bluu ya zambarau hafifu, isiyoaminika sana juu ya silika.

Ukitaka na aspirini ionekane, ivunje juu ya pleti kwanza: puliza sodiamu hidroksidi ya 0.5 M ndani ya etanoli, pasha nyuzi 100 dakika 5 hadi 10, poza, puliza asidi hidrokloriki hafifu kidogo kuua besi, ndipo feri kloridi. Ukisahau kuua besi utapata kutu, chuma kinashuka kama hidroksidi na pleti inakuwa kahawia. Hizi besi na asidi zinakula aluminiamu, kwa hiyo tumia pleti ya kioo kwa kazi hii. Ile yenye mgongo wa aluminiamu itatoa mapovu na tabaka litabanduka.

Silika60

Kwa parasetamoli, achana na feri kloridi peke yake. Changanya na ferisianidi.

Chupa A: potasiamu ferisianidi gramu 1 kwenye maji 100 ml. Chupa B: feri kloridi gramu 2 kwenye maji 100 ml. Changanya kiasi sawa cha A na B dakika ile ile unayopuliza. Mchanganyiko ni wa kahawia ya kijani, na ukiuacha saa nzima unaanza kuwa bluu wenyewe. Parasetamoli inaipa ferisianidi elektroni, bluu ya Prussia inajitengeneza pale pale ilipo, na doa halihami kwa kuwa bluu hiyo haiyeyuki. Mikrogramu 1 hadi 2 zinaonekana kwa jicho. Kwa hiyo ule mmumunyo wa mg 10 kwa ml upunguze mara kumi kabla ya kudondosha. Ukiweka mikrogramu 20, utapata tone la wino na hutajua lilianza wapi likaishia wapi.

Diklofenaki nayo inajibu, taratibu na kwa udhaifu zaidi, kwa ajili ya amini yake iliyo kati ya pete mbili. Kafeini, ibuprofeni na aspirini safi kimya. Uwanja mzima utageuka bluu kadiri mwanga unavyoupiga, kwa hiyo soma ndani ya dakika 5. Ukitaka pleti ikae, ioshe taratibu kwa hidrokloriki ya 1 M, ya baridi, halafu maji, ndani ya hudi. Nasisitiza baridi na hafifu: ferisianidi na asidi kali ya moto inaweza kutoa gesi ya sianidi hidrojeni.

MdauUpanga

Sasa tuje kwenye mchanganyiko unaouzwa kwenye maduka ya dawa hapa: diklofenaki mg 50 na parasetamoli mg 500 kwenye kidonge kimoja. Uwiano ni moja kwa kumi. Ukiweka kiasi cha kuiona diklofenaki vizuri, parasetamoli inajaa, inavuta mkia na kufunika njia. Ukipunguza ili parasetamoli ipendeze, diklofenaki inapotea.

Dondosha njia mbili za kidonge hicho hicho. Kidonge kizima kwenye etanoli 10 ml. Njia ya kwanza mikrolita 2 za mmumunyo huo: hapo una mikrogramu 100 za parasetamoli, inatisha, lakini diklofenaki 10, inayofaa kwa bromokresoli. Njia ya pili upunguze mara 20, mikrolita 2, parasetamoli mikrogramu 5. Njia ya kwanza ni ya diklofenaki, ya pili ni ya parasetamoli. Usisome parasetamoli kwenye ya kwanza.

Rangi mbili hazikai pleti moja, bluu ya ferisianidi juu ya bluu ya bromokresoli haisomeki. Dondosha seti mbili zinazofanana kulia na kushoto, pandisha kwa pamoja, kausha, kisha kata pleti kwa mkasi katikati (hapa mgongo wa aluminiamu unafaa). Nusu moja bromokresoli, nusu nyingine ferisianidi. Ziweke bega kwa bega, Rf zinalingana kwa kuwa zimepanda pamoja.

Mchikichi_K

Wakuu, je iodini haitoshi? Chembe chache kwenye chupa yenye mfuniko, pleti ndani, imekwisha. Bei nafuu na haichagui.

FundiHudi

Kutochagua ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Iodini ni nzuri kujua madoa yako mangapi. Parasetamoli na kafeini zinakolea kahawia, aspirini na ibuprofeni hafifu. Haikuambii ni nani. Na rangi inaondoka iodini ikipepea, kwa hiyo zungushia penseli mara tu unapoitoa. Ukitaka kuibakiza, puliza wanga asilimia 1 ndani ya maji, inakuwa bluu. Usipulize bromokresoli juu ya pleti iliyotoka kwenye iodini mpaka kahawia yote imekwisha, la sivyo njano yako haitakuwa na maana.

Iodini inashika na mafuta ya vidole. Shika pleti kwenye kingo.

Mwarobaini_Mbagala

Swali jingine, samahani kama linatoka nje kidogo. Hizi dawa za unga za miti shamba za viungo na mgongo, zile ambazo mtu akinywa anapona ndani ya saa moja. Kuna anayeweza kukagua kwa rangi hizi kama zimechanganywa na diklofenaki au parasetamoli?

MdauUpanga

Halijatoka nje, ni mahali ambapo rangi hizi zinatumika kwa haki, na pia ndipo zinapodanganya zaidi.

Mimea imejaa fenoli na asidi. Ukichovya unga kwenye etanoli na kupuliza ferisianidi, njia nzima itakuwa bluu kuanzia chini hadi juu, kwa tanini tu. Bromokresoli itakupa njano za asidi za mmea. Kwa hiyo lazima usafishe kwanza.

Unga gramu 2, maji 20 ml, hidrokloriki hafifu mpaka pH iwe 2 hadi 3. Tikisa na ethili asetati 20 ml mara mbili, kusanya tabaka la juu. Usitikise kwa fujo, unga wa mimea unatengeneza povu zito lisilotengana. Likitokea, tia chumvi ya mezani kidogo na usubiri. Sasa tabaka la ethili asetati litikise na sodiamu bikaboneti asilimia 5, 15 ml. Acha gesi itoke kwanza kabla ya kuziba faneli, inasukuma. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na asidi nyingine zinahamia kwenye bikaboneti. Parasetamoli, yenye pKa karibu 9.5, inabaki kwenye ethili asetati. Umeshazitenganisha bila kromatografia. Bikaboneti irudishe kwenye pH 2 kwa asidi, tone kwa tone, vuta tena kwa ethili asetati 10 ml, kausha hewa mpaka ibaki ml 1. Dondosha mikrolita 5.

Asidi za mmea kama galiki na za jamii ya sinamiki zitakuja pamoja na diklofenaki. Kwa hiyo doa la njano peke yake si ushahidi. Masharti ni haya: Rf ilingane na kiwango kwenye mchanganyiko wa ethili asetati NA kwenye ule wa heksani, doa liwe jeusi 254, na ukichanganya sampuli na kiwango kwenye tone moja, lipande doa moja lisilo na bega. Yote yakikubali, una sababu ya kutosha kuipeleka sampuli TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ili ipimwe kwa vyombo vikubwa. Jina la muuzaji usiliweke humu.

Silika60

Hilo la mwisho nasisitiza pia. TLC na rangi ni chujio la kwanza.

BiPipeti

Besi hamjazigusa. Kwa kodeini na tramadoli, kiyeyushi ni ethili asetati 85, metanoli 10, amonia kali 5. Kitengeneze siku hiyo hiyo, amonia inakimbia na kwa joto letu inakimbia zaidi. Kausha mpaka harufu ya amonia iishe kabisa, la sivyo Dragendorff inashuka nyeupe.

Dragendorff: bismathi nitreti ya kibesi gramu 0.85 kwenye maji 40 ml na asidi asetiki kali 10 ml. Chupa nyingine potasiamu iodidi gramu 8 kwenye maji 20 ml. Changanya kiasi sawa, hiyo ni akiba, ikae chupa ya kahawia. Siku ya kupuliza: akiba 1 ml, asetiki kali 2 ml, maji 10 ml. Kodeini na tramadoli zinatoka rangi ya chungwa juu ya njano hafifu. Viwango vyake vinadhibitiwa kisheria, kwa hiyo maabara isiyo na kibali isiguse.

Kafeini kwa Dragendorff ni mvivu. Kwake tumia iodini yenye asidi: iodini gramu 1 na potasiamu iodidi gramu 1 kwenye etanoli 100 ml, puliza, kisha hidrokloriki asilimia 25 na etanoli, nusu kwa nusu, puliza juu yake. Kafeini inatoka kahawia nyekundu, iliyo wazi.

Kapilari_mbili

Na kiasi? Unaweza kusema kidonge kina mg 500 au 250 kwa kuangalia doa?

FundiHudi

Kwa kulinganisha, ndiyo, kwa kukadiria. Sanduku la Minilab la GPHF (maabara ndogo ya kubebeka ya kukagulia dawa), ambalo TFDA (tangu 2019 ni TMDA) ililitumia kwenye vituo vya ukaguzi, limejengwa juu ya wazo hilo: kiwango cha asilimia 100 upande mmoja, cha asilimia 80 upande wa pili, sampuli katikati. Doa la sampuli likiwa dogo na hafifu kuliko la 80, kidonge kina kasoro ya kiasi.

Ila soma kiasi kwenye UV kabla ya kupuliza. Rangi ya kipulizio inategemea mkono: upande uliopuliziwa zaidi unakolea zaidi. Ukilazimika kutumia rangi kwa kiasi, chovya badala ya kupuliza, sekunde moja au mbili, utoe kwa mwendo mmoja. Ila kwa bromokresoli ya etanoli kuchovya kuna hatari: ibuprofeni na parasetamoli zinayeyuka kwenye etanoli, ukichelewa madoa yanatiririka chini.

Mchikichi_K

Methilini bluu je? Ipo tele maabara za baiolojia.

Silika60

Iache huko kwa baiolojia. Ina chaji chanya na silika ina chaji hasi, kwa hiyo inang'ang'ania pleti nzima na kuipaka bluu. Ukitaka rangi nyingine ya kuona ibuprofeni, tafuta diklorofluoreseini, asilimia 0.2 kwenye etanoli, na usome chini ya UV. Hapo hata kitaa chako cha noti kinaweza kupata kazi. Ila nayo inaona steariki na mafuta yote, kwa hiyo maneno ya Bi Pipeti yabaki pale pale.

Kapilari_mbili

Rangi zikae muda gani chupani?

BiPipeti

Bromokresoli ndani ya etanoli, chupa iliyofungwa vizuri, miezi kadhaa. Inakunywa kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kijani, ongeza tone la hidroksidi uirudishe bluu. Chupa A ya ferisianidi ikae gizani, ukiona imeanza kuwa kijani mwaga utengeneze mpya. Dragendorff ya akiba inakaa muda mrefu, iliyochanganywa na maji tengeneza siku ya kazi. Mabaki ya ferisianidi yawe na chupa yake, yasiingie kwenye chupa ya taka za asidi.